Mtani wa Bibi Kwenye Televisheni

Juzi nilikuwa saluni, Tottenham, nimeinamisha kichwa nasukwa, mara nikaisikia sauti kwenye televisheni ya ukutani. Kuna sauti ukishaizoea utotoni, mwili unaitambua kabla ya akili. Nikainua kichwa ghafla. Msusi akanirudisha chini kwa kunivuta nywele, "Dada, tulia bwana, utaniharibia line," lakini nilikuwa nimeshamwona. Yule Mmarekani wetu! Amenenepa kidogo, mvi amezikubali, na safari hii amekaa upande wa mgeni, binti mdogo anamuuliza alianzaje mpaka kufika alipofika. Nilitamani kuwaambia wote mle ndani kwamba huyu mama ni mtu wa kwetu, ila wangedhani nimerukwa na akili. Basi nakwambia wewe.

Miaka ya tisini tuliishi Edmonton, jirani tu na hiyo Tottenham, mama na mimi, kwenye fleti ya juu ambayo ngazi zake zilinuka dawa ya kusafishia na vitunguu vya watu. Mama alikuwa akifanya shifti kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na siku nyingine anasomea unesi. Yule mwanamke tulimjua kwa hatua. Kwanza alikuwa sura tu, kwenye boksi la dawa ya nywele lililokaa juu ya sinki la bafuni, anatabasamu huku sisi tunapiga mswaki. Baadaye akaonekana kwenye mchezo wa kuchekesha wa Jumamosi, yeye ndiye jirani anayeingia nyumba za watu bila hodi na kufungua friji. Halafu, nilipokuwa darasa la tano hivi, akapewa kipindi chake mwenyewe, kila alasiri, cha kukaa kwenye sofa na kuwauliza watu habari za maisha yao. Mama alifurahi kama amepandishwa cheo ndugu yake. "Umemwona?" akaniambia. "Mtu hubaki kwenye boksi akitaka mwenyewe."

Mwaka huohuo bibi mzaa mama akaja kututembelea kutoka Tabora. Alikuja na karanga, asali kwenye chupa iliyofungwa nailoni tatu, na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo nilivitafuna nikidhani ni adhabu na baada ya wiki nikawa naviiba. Alikuwa ametoka kumzika babu mwaka uliotangulia. Mama hakwenda kwenye mazishi. Makaratasi yake ya kuishi hapa yalikuwa hayajatoka, na angevuka mpaka asingerudi, na mimi nipo shuleni huku. Alituma rambirambi, akaenda kazini kama kawaida. Nakumbuka siku hiyo alipika wali na hakuula.

Bibi hakumlaumu hata kwa neno moja. Ila aliacha kusema naye. Namna alivyoacha ilikuwa ya adabu kabisa, ndiyo iliyoumiza. Mama amesimama palepale jikoni, bibi ananigeukia mimi: "Mwambie mama yako chai iko tayari." Nami namwambia mama, aliyesikia, kwamba chai iko tayari. Mama anajibu, "Mwambie bibi asante." Nikawa tarishi ndani ya chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Tiketi ya bibi ya kurudi ilikuwa imeshakatwa, majani yakianza kuanguka anaondoka, na mama aliogopa kitu kimoja tu: kwamba mama yake atapanda ndege hivihivi, na wasionane tena. Aliniambia usiku mmoja akinifunga vifungo vya pajama.

Alasiri nikitoka shule tulikuwa wawili, mimi na bibi. Mimi wakati ule nilikuwa kama watoto wote wa huku, Kiswahili nakisikia, najibu kwa Kiingereza. Bibi Kiingereza hana, na redio ilimchosha. Basi nikawasha kipindi cha yule Mmarekani, na bibi akaniambia, "Mke mwenzangu, nitafsirie. Nisikae hapa kama gunia." Ndivyo alivyoniita, mke mwenzake, maana mume wetu alikuwa babu.

Nilianza kwa kubabaisha. Neno likinishinda, naonyesha kwa mikono, bibi ananipa neno lenyewe, naendelea. Akauliza kazi ya huyu mtu ni ipi hasa. Nikamwambia kwanza alikuwa anapigwa picha, halafu akaigiza, sasa anaongea na watu. Bibi akafikiri. "Alianza kwa kunyamaza, akapewa maneno ya wengine, sasa anasema yake. Amesota huyu." Halafu akamtazama vizuri, mikono inavyorushwa, hereni zinavyocheza, akapiga paja. "Lakini kazi gani hii ya kukaa kitini kupiga soga na kulipwa? Mzaramo huyu! Mtani wangu!"

Bibi ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pwani. Mtani unamwambia lolote mbele za watu, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Kuanzia siku hiyo yule mwanamke hakupata nafuu. Akivaa kiatu kirefu, bibi anamuuliza kama anachuma maembe. Akicheka na mgeni mwanamume, "Funga mdomo, Mzaramo, meno yatapata baridi." Jirani yetu wa chini, mama mmoja wa Bukavu, akawa anapanda na sahani ya sambusa kuja kutazama matusi. Kipindi chenyewe hakikumhusu. "Mama, ule mwanamuke anakulaka nini?" anauliza. "Iko mwembamba sana!" Bibi anajibu kwamba Wazaramo hawali, wanacheza ngoma tu. Mama wa Bukavu anacheka mpaka anajifuta macho, na mimi natafuna sambusa na kutafsiri kwa mdomo uliojaa. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

Bibi alinieleza utani siku moja tukichambua maharage. Kazi yake kubwa, alisema, iko msibani. Watani wanakuja, wanalala njiani jeneza lisipite mpaka wapewe chochote, wanaigiza marehemu alivyotembea, alivyokohoa, alivyokuwa bahili. Mfiwa anacheka bila kutaka, na kile kilichomkaba kinaachia. "Mfiwa mwenyewe hawezi kujitania," alisema. "Mimi walinifanyia. Nilicheka kaburini kwa babu yako, mke mwenzangu, ndiyo maana unaniona nakula." Halafu akatazama koti la mama kwenye msumari, akasema polepole, "Wako ambao hawakutaniwa." Akarudi kwenye maharage.

Sasa nikupeleke kwenye alasiri yenyewe. Mgeni wa siku hiyo alikuwa mwigizaji mzee, akamgeuzia kibao mwenye kipindi: na wewe, kazi hii imekugharimu nini? Yule Mmarekani hakurusha mikono. Alisema maneno machache, machozi yakimtoka. Nikatafsiri kama nilivyoyasikia, bila kufikiri, macho yangu kwenye kioo: "Anasema baba yake alipozikwa, yeye hakwenda. Mkataba haukumruhusu. Siku hiyohiyo alikuwa anaigiza, anachekesha watu. Anasema hajajisamehe."

Ndipo nikahisi baridi ya mlango. Mama alikuwa amesimama pale na sare yake ya kazi, mfuko wa mkate mkononi. Shifti ilikuwa imeisha mapema. Alikuwa amesikia yote, kwa Kiswahili changu.

Nikamtazama bibi. Hakumgeukia mama. Aliwageukia watu wa kwenye sofa, akainuka, akafunga khanga kiunoni.

"We Mzaramo! Usinililie hapa. Ulidhani baba yako alikosa wa kumbeba? Tulimbeba sisi! Alikuwa mzito kwa ubishi, hata maiti yake ilibishana na mlango."

Akaweka mikono nyuma ya mgongo, akatoa tumbo, akaanza kutembea kwenye zulia akivuta mguu wa kushoto, anakohoa mara mbili, anasimama, anatafuta ugoro mfukoni, haupati, anatusonya sote. Mimi babu nilimjua kwa picha tu, lakini mama alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na nikaelewa huyo anayetembea ni nani.

"Na unajua alikusema nini siku za mwisho?" bibi akamwambia yule mwanamke wa kwenye televisheni, ambaye wakati huo alikuwa ameshaondoka, limekuja tangazo la sabuni. "Alisema, 'Binti yangu yuko kazini.' Kila aliyekuja kumjulia hali, anamwambia hivyohivyo. Binti yangu yuko kazini. Alituchosha! Sasa wewe unalilia nini, na mwenyewe alijivuna?"

Mama alicheka. Alicheka ameegemea ukuta, mkate umeanguka, na katikati ya kicheko kikaja kilio, kirefu, cha mwaka mzima. Mimi niliogopa nikataka kumkimbilia. Bibi akanishika mkono. Alingoja. Kilipopungua akasema, bila kunipitia mimi, "Mwanangu, njoo ukae. Chai inapoa."

Siku hizo zilizobaki nilipoteza kazi yangu ya utarishi na sikudai. Walikuwa wakiongea jikoni mpaka nikalala. Majani yalipoanguka bibi akaondoka, tukalia Heathrow kama watu wa kawaida. Mama akamaliza unesi. Mimi Kiswahili hiki unachokisoma nilikipata pale kwenye zulia, namtafsiria mtu asiyejua kwamba yupo nyumbani kwetu, na namshukuru yeye kwanza, kwa kazi zake zote, kwa kukubali kulia mbele ya wageni.

Leo zile fleti zimebomolewa, pamejengwa za vioo. Mama wa Bukavu alihamia Birmingham. Kipindi kilifutwa zamani, na siku hizi kila mmoja nyumbani kwangu anatazama chake kwenye simu yake, ukicheka unacheka peke yako. Bibi naye hayupo. Alifariki tukiwa na makaratasi yetu mkononi, tukapanda ndege siku ya pili yake. Nje ya Tabora mjini, jeneza likitolewa, shemeji mmoja Mzaramo alijilaza njiani na kukataa kuinuka. Alijifunga khanga, akageukia ukuta mtupu kana kwamba ndiyo televisheni ile aliyowasimulia bibi aliporudi, akaanza kuutukana kwa sauti ya bibi, anauambia ukuta ufunge mdomo, meno yatapata baridi. Watu wakaangua kicheko. Nikamtafuta mama. Alikuwa mbele kabisa, anacheka, machozi yanamtiririka, anafungua mkoba kumlipa mtani ili mama yake apite.