Gari au Nyumba ya Kusubiria

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na ilikuwa siku ya mkutano tu. Nilikuwa muuguzi kijana, miaka ya tisini ikianza, katika zahanati ndogo ya kanisa kule chini ya Mutomo, mahali ambapo jua likishapanda hata mbuzi hutafuta kivuli cha ukuta. Kwetu ni Nunguni, kwenye baridi na ukungu, kwa hivyo mwanzoni nililalamika sana. Baadaye niliwazoea watu wa huko, nao wakanizoea, wakawa wananiita Sista Mbithe kana kwamba nimezaliwa hapo.

Wafadhili walikuwa wametuambia watatusaidia kwa jambo moja. Moja tu. Na kamati yetu ilikuwa imegawanyika.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kilonzo, mzee wa kanisa, mtu mrefu wa maneno machache. Yeye alitaka gari la wagonjwa. Mke wa mwanawe alifia njiani akiwa na uchungu wa kuzaa, amebebwa juu ya kitanda, na tangu hapo hakuna mtu aliyethubutu kumbishia Mzee juu ya gari. Aliyembishia ni Nduku peke yake, mkunga wetu. Nduku alitaka tujenge nyumba kando ya zahanati, wanawake wanaokaribia kujifungua waje wakae pale wakisubiri siku yao. Walibishana hadi wakaacha kusalimiana. Wakikutana mlangoni mwa kanisa, mmoja alisimama kando kumpisha mwenzake, na adabu ile ilikuwa baridi kuliko matusi.

Mimi nilikuwa katikati. Nduku ndiye aliyenifundisha kazi, na Mzee Kilonzo ndiye aliyenipa chumba nilipofika sina pa kukaa.

Wafadhili wakatuletea kijana mmoja, Mutinda, mtu wa Kikima huko Mbooni, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Alikuja na kompyuta ya kubeba mkononi, na wengi wetu hatukuwa tumewahi kuona kitu kama hicho. Tuliiunganisha na jenereta ya zahanati, tukaizunguka. Ndani yake mlikuwa na programu ya kusaidia watu kuamua pale wanapotaka mambo mengi kwa pamoja. Unaiambia unataka kufikia nini. Unaweka uzito wa kila lengo, yaani lina maana kiasi gani kwako. Unaeleza kila njia itakufikisha umbali gani. Nayo inajumlisha, inakuchorea mistari, na njia yenye mstari mrefu ndiyo inayolingana zaidi na ulichosema.

"Kwa hivyo hiyo mashine yako ndiyo itaamua?" Mzee Kilonzo akauliza.

"Hapana, nau," Mutinda akamjibu kwa heshima, kama mtu anavyomwita babake kwa Kikamba. "Haijui kitu kuhusu huku. Itawarudishia tu mliyosema wenyewe, lakini imeyapanga."

Tukataja malengo yetu. Mama ajifungue salama. Aliyeumwa na nyoka au aliyeumia afikishwe mapema. Watoto wasiachwe muda mrefu bila mama yao. Na kitu chenyewe tuweze kukitunza wafadhili wakishaenda zao. Tulipofika kwenye uzito, kila mtu alimpa mama uzito wote uliokuwepo. Mimi pia. Nani angesema vingine, na Mzee ameketi pale?

Mutinda akatabasamu kidogo. "Sasa kama mnakubaliana hivyo, mbona mnagombana?"

Akaendelea taratibu: "Siulizi ni jambo gani kubwa. Uhai wa mama ni mkubwa, hilo limeisha. Nauliza hivi: gari na nyumba vinatofautiana kiasi gani kwa huyo mama? Kama vyote viwili vingemfikisha mahali pamoja, basi hata angekuwa na uzito wa dunia nzima, uzito huo hautusaidii kuchagua. Mama akishikwa na uchungu wakati wa mvua, gari litamfikia?"

Sote tulijua ni mvua ya lini iliyokuwa inaulizwa, ingawa Mutinda mwenyewe hakujua.

Mzee Kilonzo alivua kofia, akaiweka magotini. "Mto ulikuwa umejaa," akasema. "Tuliketi naye ng'ambo mchana kutwa. Paa la zahanati tulikuwa tunaliona." Kisha akasema, kama mtu anayejiambia mwenyewe: "Gari lingesimama upande huu, na sisi upande ule."

Nilimtazama Nduku. Alikuwa ameshinda, lakini uso wake haukuwa wa mshindi. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Pole, Mzee," akasema. "Muda huu wote nimebishana na wewe, na sikuwahi kukuuliza ilikuwaje."

"Sasa na mimi nikuulize," Mzee akamwambia, na sauti yake haikuwa na ukali. "Hiyo nyumba yako, watakuja? Mwanamke ana watoto, ana mbuzi, maji yako mbali. Mama mkwe wake atamwachilia aje akae tu hapa?"

Nduku akafuta machozi, akakiri kwamba hajui.

Ndipo Mutinda akafanya jambo lililonifungua akili. Alimpeleka kila mmoja kando, akamuuliza upya uzito wa kila lengo, akauingiza mbali na wa wengine. Kisha akatuonyesha. Mwanangu, uzito wa Mzee Kilonzo na uzito wa Nduku ulikuwa karibu sawa kabisa! Watu waliokuwa hawasalimiani walikuwa wanataka vitu vile vile, kwa kiasi kile kile. Mutinda akasema tuchukulie kwamba wanawake watakuja, na mstari wa nyumba ukarefuka. Akasema tuchukulie hawatakuja, na gari likaipita.

"Ugomvi wenu uko hapa tu," akasema, akigusa kioo kwa kidole. "Watakuja au hawatakuja? Hilo kompyuta haiwezi kujua. Mtaenda kuuliza."

Tukaenda. Mzee Kilonzo, Nduku na mimi, boma kwa boma, kwenye vumbi lile jekundu. Nduku aliongea na wanawake, na Mzee akaongea na waume na mama wakwe. Tulisikia mengi ambayo hatukuyafikiria. Wengine walikataa katakata. Wengi walisema watakuja, mradi waruhusiwe kuja na mtoto mdogo, na kuwe na jiko la kujipikia. Mama mkwe mmoja alituambia, "Ningeombwa na mkunga peke yake ningekataa. Nikiombwa na Kilonzo, aliyezika mkaza mwanawe, nitakataaje?"

Tukakutana tena, tukakubali kwa midomo yetu kwamba aliyeumwa na nyoka atangoja, tukajenga nyumba. Mvua iliyofuata, mto ulijaa kama kawaida yake, na wanawake walikuwa upande wetu, wanapika uji na kuchekana matumbo. Walijifungua wakaenda nyumbani na watoto wao.

Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa tamu. Lakini sitaki kukudanganya.

Kiangazi kilichofuata, mchungaji wa ng'ombe aitwaye Musembi aliumwa na nyoka mbali sana na sisi. Ndugu zake walimbeba, na walipofika alikuwa ameshakata roho. Njia ilikuwa kavu. Gari lingepita. Nilitoka nje nikamkuta Mzee Kilonzo amesimama na wale ndugu, nikamwambia kwa hasira, "Ile mashine ilitupoteza."

Mzee akanivuta kando. "Mbithe, usiseme hivyo tena. Mashine haikutupoteza. Siku ile tulisema kwa midomo yetu kwamba aliyeumwa na nyoka atangoja. Tulilijua. Leo limekuja, na ni letu. Twende tukawasaidie hawa watu kumzika ndugu yao." Akaenda, na Nduku akaenda naye, na waliwaeleza wale ndugu ukweli wote bila kujificha nyuma ya kamati.

Mwanangu, siku hizi nawasikia vijana mkisema mmechanganyikiwa, hamjui muolewe au msome kwanza, hamjui mkae nyumbani na wazazi au mwende kazini mbali. Ukifika hapo, usijiulize tu ni lipi kubwa, maana yote ni makubwa. Jiulize njia hizo zinatofautiana wapi hasa. Ukibishana na mtu, chunguza kama kweli anataka kitu tofauti na wewe, au mnaona tu mambo ya kesho tofauti, kisha mwende mkaulize wanaojua. Na kabla hujachagua, taja kwa sauti yako kile unachokiacha. Kitakuja siku moja kubisha mlangoni. Ukifungulie ukijua ni chako, usimtafute wa kumlaumu.

Mungu akupe nuru siku ya kuchagua, na siku za kuishi na ulichochagua akupe nguvu zaidi. Akulinde uendako, na utakaowarudia awaweke salama.