Fundi Hajaja

Friji ya Ismay Ollivierre ilikuwa na tabia ya kufa Jumamosi. Kwao Owia, kaskazini mwa kisiwa cha Saint Vincent, karibu na mahali barabara inapochoka, Jumamosi ndiyo siku ya kugandisha juisi ya ukwaju katika vikombe vidogo, kwa ajili ya watoto watakaotoka kanisani kesho yake. Friji ikifa, fundi anaitwa kutoka mji wa chini. Anasema anakuja. Juisi inachacha, watoto wanapita, fundi hajaja. Akija baada ya wiki, anaipiga friji kofi, anasema, "Mama, haya huwezi kuyaelewa," anachukua chake, anaondoka. Hivyo ndivyo Ismay alivyolea watoto, akamzika mume, akavuka miaka hamsini.

Huku kwetu Arima, Trinidad, alikuja kumuuguza dada yake mkubwa, Thelda, aliyepasuliwa goti. Mimi ni jirani yao. Ukuta wetu ni mmoja, na ni mwembamba. Uwanja wa ndege walimgongea muhuri wa miezi sita ya kutembea tu, si ya kazi wala masomo. Goti likapona. Ndipo friji ya Thelda nayo ikafa, na siku hiyohiyo akaja binti mwembamba mwenye bisibisi mfukoni. Alipokuwa akifungua alieleza kila kitu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake picha za ukoo.

"Umejifunzia wapi, mwanangu?" Ismay aliuliza.

"Chuo cha ufundi, mama. Mwaka mmoja tu."

Ismay akaomba kusomea ufundi wa friji na viyoyozi katika chuo hichohicho, kikampokea. Kilichobaki kilikuwa kibali cha mwanafunzi, na hapo Thelda akaanza vita.

"Ismay, una wajukuu."

"Nao wanakunywa juisi ya moto."

"Darasa zima watakuita bibi."

"Waite. Nitaitika."

"Basi rudi nyumbani, uombe ukiwa kwako, kama watu wenye adabu."

"Nikivuka bahari sirudi, Thelda. Kutakuwa na mtoto wa kubeba, na mazishi ya kupikia. Naomba kibali hapahapa niliposimama."

Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Ijumaa, siku muhuri ulipokuwa unaisha. Alhamisi asubuhi alivaa gauni lake la kanisani, la buluu, alilolishona mwenyewe, mabega wazi, akaenda ofisi ya uhamiaji. Thelda akamfuata akichechemea, sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni.

Mlangoni askari akanyoosha mkono.

"Mama, mabega."

"Yamefanya nini?"

"Yako wazi. Ofisi ya serikali huingii hivyo."

"Mungu anayaona kila Jumapili, hajalalamika."

"Mungu hana bosi, mama. Mimi ninaye."

Foleni ikacheka. Ismay hakucheka. Alikuwa ameligeukia lile sweta. Kisiwani hapa hata mtoto wa shule anaijua sheria ya mabega. Thelda ameishi nasi tangu usichana wake.

"Ulijua," Ismay alisema.

Thelda alitazama viatu vyake. "Nilitaka uuguzi, zamani. Niliomba kibali hapahapa, wakanirudisha dirishani, nikaenda kufua nguo za watu. Sikutaka nawe uione ile sura yao."

"Vua, nikaione mwenyewe."

Thelda akafungua kifungo kimoja kimoja, polepole, kama anayemenya kitu kilichoiva. Chini ya sweta alikuwa na blauzi ya kamba mabegani, kwa hiyo yeye ndiye aliyebaki nje.

Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Kiyoyozi kilikuwa kimya ukutani, na maafisa walijipepea kwa mafaili. Afisa mmoja, Bwana Boodram, tai imelegea, alimtazama huyu mama ndani ya sweta la sufu, akautazama muhuri wake.

"Wewe umekuja kutembea. Rudi kwenu, uombe ukiwa huko."

"Sheria ndiyo inasema, au ni wewe?"

Boodram alijipepea kwa faili. "Huwa tunawashauri hivyo."

"Ushauri nimeusikia. Sasa pokea maombi."

"Mama, siku zako zinaisha kesho!"

"Ndiyo maana nimekuja leo."

"Na kwa umri huu, friji na viyoyozi? Kwa nini, lakini?"

Ismay alijifuta jasho kwa sweta la dada yake, kisha akaonyesha ukutani.

"Kile kilikufa lini?"

Boodram alikitazama kama anayetazama picha ya marehemu. "Tangu kanivali."

"Fundi mmemwita?"

"Tumemwita."

"Anasemaje?"

"Anakuja."

"Huyo nimemsubiri maisha yangu yote," Ismay alisema, akavuta kiti akakaa. "Simsubiri tena. Na hapa siondoki. Gonga muhuri."

Mwanamke wa meza ya pili aliinamia faili lake, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Mpokelee, Boodram, kabla hatujaiva!"

Boodram alisoma karatasi zote, akitafuta pengo. Hakulipata. Akagonga. Akamweleza kwamba ataruhusiwa kukaa mpaka jibu litoke, na kwamba jibu laweza kuwa hapana.

"Nitakuja kulisikia mwenyewe," Ismay alisema. "Nitavaa mikono mirefu."

Nje, Thelda alikuwa kwenye meza ya dabozi, mkate laini wa dengu mkononi, mabega yakichomwa na jua. Hakuwa ameuma hata kipande.

"Wamekurudisha?"

Ismay alimvisha sweta, limelowa chapachapa. "Wamepokea."

Thelda alifunga kifungo cha juu. "Na ndege ya kesho?"

"Iruke. Mabawa inayo."

Thelda akajifuta macho, akasingizia pilipili, akamgeukia muuzaji. "Ongeza moja, kijana. Pilipili kidogo. Ya mwanafunzi."