Mama Breki na Kiti cha Pembeni

Wanafunzi wa udereva hawamjui kwa jina lingine: ni Mama Breki. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekaa kiti cha pembeni katika gari la shule, mguu ukielea juu ya kile kikanyagio cha pili cha breki anachowekewa mwalimu ili mwanafunzi asije akawapeleka wote ahera. Hagombi, hapayuki. Unaingia kona kwa papara, breki inashika yenyewe, unageuka, unamkuta anatazama dirishani kana kwamba si yeye.

Jumamosi asubuhi ndipo anapoishi. Hapo huondoa turubai lililofunika gari lake la milango miwili, jekundu, la chini chini, kubwa kwa umri kuliko binti yake, akashika usukani, na kwa saa moja hana wa kumfundisha wala wa kumwokoa. Mwenyewe husema saa hiyo ndiyo mshahara wake. Kile kinachoingia mwisho wa mwezi ni nauli tu.

Sasa mdogo wake akaja na jambo. Naye alikuwa amenunua gari la milango miwili, jipya, lenye kioo kikubwa kama sinia kwenye dashibodi, na kabla halijaisha harufu ya dukani akaanza kulitamani lile kuukuu la dada yake. Binadamu hatosheki. Akataka wabadilishane, gari kwa gari, waishie hapo. Binti akamuunga mkono mjomba wake: la mama halina hata mfuko wa hewa, na breki zake zinataka mguu wa ng'ombe. Kusema kweli hata Mama Breki roho ilimdokoa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na hiki hakikuwa hata na mkwaruzo. Lakini alijua kwamba akikosea hapa, saa yake ya Jumamosi imekwenda na maji. Akasema wapande ule mlima wa kona nyingi nje ya mji, ayaendeshe yote mawili, jibu atalitoa huko juu.

Walianza na jipya, binti kakunjwa nyuma kama nguo sandukuni. Mama Breki akagusa akseleta, mgongo ukazama kitini, akacheka kicheko ambacho mdogo wake hajakisikia tangu utoto. Gia zilijibadilisha kabla hajazifikiria. Kona ambazo kwa kawaida aliziheshimu, leo alizikata kama anakata keki. Alisema wazi kwamba gari hili ni shetani na kwamba analipenda, na mdogo wake akatoa meno yote nje.

Kisha akataka kusogea kidogo katikati ya barabara, aone kona inavyofunguka. Usukani ukajigeuza wenyewe, ukamvuta kurudi. Mbele kulikuwa na mtu wa baiskeli. Mama Breki alikuwa amemwona tangu mbali, mguu uko njiani kwenda kwenye breki, mara gari likashika breki kabla yake na kupiga kengele. Akajaribu kona nyingine, likamrudisha tena, taratibu, bila ugomvi. Mdogo wake akamweleza kuwa mambo hayo huzimika, ila kila ukiwasha gari yanarudi.

Wakateremka hadi chini ya mlima walikoliacha la zamani, wakalichukua. Binti akakaa pembeni ya mama yake, mjomba akafuata nyuma na lake. Lo, la zamani lilikuwa na kazi. Usukani mzito, injini inahema, na vijiwe vyote vya barabarani vinakuja kumsalimia viganjani. Mwendo ambao jipya lingeuona wa kwenda sokoni, humu ulikuwa wa kukimbizwa na simba. Akakosea gia, ikasaga, wote wawili wakacheka. Kona iliyofuata akaipata, na gari likapita kwa wimbo mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Jasho lilimtoka na alikuwa na furaha hadi masikio yakawaka.

"La mjomba wako linanishinda kwa kila kitu, mwanangu," alisema. "Ila linanisahihisha kabla sijakosea. Sasa mimi niko wapi?"

Binti alimgeukia.

"Na mimi je, mama? Leseni ninayo tangu mwaka juzi. Kila nikishika usukani wewe uko pembeni, mguu unakanyaga zulia. Mimi niko wapi?"

Mganga hajigangi. Neno lile lilimchoma Mama Breki, halafu, ajabu, likaanza kumchekesha. Aliona kumbe lile gari jipya ni yeye mwenyewe, na kengele juu. Walipofika kileleni, mdogo wake akaja anatabasamu kutaka jibu, akamkuta dada yake amekwisha shuka, anamkabidhi binti ufunguo.

"Teremka nalo. Peke yako."

Binti aliuliza mara mbili kama amesikia sawa. Mama yake akaenda kuketi kwa mdogo wake, akaikalia mikono yake.

Kona ya kwanza binti aliingia kwa upana mno, na moyo wa mama ukaruka. Gari jipya likapiga kengele kwamba wamelisogelea sana la mbele. Mama Breki akamwambia mdogo wake apunguze, amwache mtoto aende. Kona ya pili ilikuwa ya woga. Ya tatu, gia ikaingia pale pale ilipotakiwa, injini ikapaza sauti mlima ukaitikia, na lile gari jekundu likainama kidogo, likapita, likapotea. Mama Breki akapiga dashibodi kwa kiganja, anacheka na machozi yanamtoka.

"Basi, dada," mdogo wake akasema, "tunabadilishana au hatubadilishani?"

Mama Breki alikuwa amenyoosha shingo, akiitafuta kona inayofuata.

"Mimi unaniuliza nini? Muulize mwenye gari."