Baiskeli ya Katekista Mwikwabe

Kwa miaka mingi Katekista Mwikwabe alipeleka baiskeli yake kutengenezwa Musoma, kwa fundi mmoja wa Kitaji, mtu mkali asiye na maneno mengi. Halafu Fredi, muumini wa kigango chake, akafungua kibanda cha ufundi njia panda, nje kidogo ya Butiama, akaandika juu ya mlango: MTEJA KWANZA. Jumapili iliyofuata Mwikwabe alisimama kanisani akawaambia waumini kwamba ni aibu kupita mlango wa ndugu kwenda kumpa mgeni kazi. Naye, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuhubiri asichokitenda, akawa wa kwanza kuhama.

Hapo ndipo watu walipoijua kesho ya Fredi. Ukileta pancha, kesho. Ukileta gurudumu, beringi zimeagizwa Bunda. Mama mmoja muuza maziwa alirudishiwa baiskeli ikiwa na tairi kuukuu lisilo lake. Alipouliza, akajibiwa, "Mama, kwani ulikuwa umeliandika jina?" Wanaume waliokaa kwenye benchi wakacheka. Hakuna aliyepeleka malalamiko kwa katekista, maana ndiye aliyewaelekeza huko.

Basi gurudumu la nyuma la Mwikwabe likaanza kuyumba, naye akaiacha baiskeli kwa Fredi. Baiskeli ile ndiyo ilikuwa miguu yake. Padre alifika kigangoni kwa nadra. Wagonjwa na wafiwa walikuwa wa Mwikwabe. Miongoni mwao alikuwamo Bibi Nyamburi, ng'ambo ya bonde, aliyekataa ubatizo tangu ujana wake. "Wazee wangu watanitambuaje huko kwa jina la kigeni?" alikuwa akimtania katekista, kisha anamkaribisha uji. Mwikwabe hakuchoka kumwendea. Masika haya, maradhi yalipomlaza, bibi alitamka mwenyewe kwamba amekubali. Hata jina alilichagua: Yuliana. Kilichobaki ni Padre kufika ambatize. Mwikwabe alirudi nyumbani siku ile akiimba njia nzima.

Siku ya mnada alikwenda kuchukua baiskeli.

"Shikamoo, Mwalimu," Fredi aliamkia, mikono imejaa grisi.

"Marahaba. Baiskeli iko wapi?"

"Iko tayari kabisa. Imeenda kujaribiwa kidogo. Kaa, inakuja sasa hivi."

"Inajaribiwa na nani?"

"Si kijana wangu tu! Gurudumu likinyooshwa lazima litembezwe, Mwalimu. Huwaga nafanya hivyo kwa kila mteja."

Simu ya Mwikwabe ikaita. Alikuwa Esta, binti wa Bibi Nyamburi.

"Mwalimu, mama anatuacha. Pumzi inakuja, inapotea. Anakuulizia wewe. Maji ninayo hapa kwenye bakuli. Nimmwagie mimi?"

Kanisa linaruhusu. Mtu akiwa katika hatari ya kufa, yeyote anaweza kumbatiza, na Mwikwabe alilifundisha jambo hilo kila mwaka. Lakini alilifundisha kama mtu anayeonyesha kisu kwa watoto: kitazameni, msikiguse. Hakupenda mambo matakatifu yashikwe ovyo. Akamtazama Fredi. Fredi akanyanyua kidole kuelekea barabarani.

"Hiyo inakata kona, Mwalimu. Haki ya Mungu."

"Usiguse," Mwikwabe alimwambia Esta. "Niko njiani. Ningojeni."

Akangoja. Kona ikatoa mbuzi, ikatoa mwanamke mwenye kuni, baiskeli haikuonekana. Mwishowe Magige, mzee mmoja wa pale kwenye benchi, akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, si ile yako nyeusi? Mbona imepita alfajiri kwenda bondeni kuchukua mkaa? Huyu anaikodisha tangu uilete."

"Magige, mdomo wako huo utakuponza!" Fredi alisema, kisha akacheka kuipoza aibu. "Mwalimu, baiskeli ikikaa sana inashika kutu. Nilikuwa naitunza tu."

Mtu anayekuambia sasa hivi huku akijua si sasa hivi, amekuibia. Mwikwabe hakupoteza pumzi kumwambia hayo. Alitafuta bodaboda, lakini zote zilikuwa zimekwenda mnadani. Akaanza kutembea, kisha kukimbia, kwa miguu ya mtu aliyekwisha kupata wajukuu. Alipokumbuka kumpigia Esta amwambie ammwagie maji, alikuwa ameshashuka bondeni, ambako simu hazishiki.

Huko chini alikutana na baiskeli yake. Ilikuwa imeelemewa na magunia ya mkaa, gurudumu la nyuma limepinda kabisa, na kijana asiyemfahamu anaisukuma kwenye tope.

"Shikamoo, mzee," kijana alisema. "Nisaidie kidogo hapa."

Mwikwabe alipita. Hakuwahi kabla ya siku ile kuacha kuitikia shikamoo ya mtoto wa mtu.

Vilio alivisikia kabla hajauona mji wa bibi. Esta alikuwa amesimama mlangoni, bakuli bado mkononi.

"Ulisema tungoje, Mwalimu," alisema.

Bibi alizikwa kwa jina la Nyamburi. Kigangoni pale asiyebatizwa hasomewi sala za Kanisa wala hachomekewi msalaba, na aliyeisimamia sheria hiyo bila huruma miaka yote alikuwa Mwikwabe mwenyewe. Akakaa kwenye majani pamoja na majirani, kitabu chake cha sala mfukoni.

Fredi naye alikuja mazishini, akiendesha ile baiskeli. Ilikuwa imeoshwa na kunyooshwa, na ina kengele mpya.

"Sikuchaji hata senti," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mimi na Mwalimu ni ndugu."

"Fundi mwema huyu," mzee mmoja akasema, na wengine wakaitikia.

Mwikwabe alikuwa na maneno ya kumwambia Fredi. Aliyapanga njia nzima, makali, moja baada ya jingine. Lakini kila alipotaka kufungua kinywa aliisikia sauti yake mwenyewe kwenye simu: usiguse.

Kaburi lilipokwisha kufukiwa, Esta alipita akiwanawisha watu mikono. Bakuli lilikuwa lile lile. Fredi alinawa, akamshukuru, akampa pole. Kisha Mwikwabe akakinga viganja vyake, na Esta akammiminia bila kumtazama usoni.