Cheche Ajua Kodi ya Nyumba Yake

Mtaani walimwita Cheche, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akichomelea vyuma kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara, akitengeneza mageti, madirisha na ngazi. Mashati yake yote yalikuwa na vitobo kifuani, kana kwamba yameliwa na nondo, wale wadudu, si zile za ujenzi.

Hakuwa mlevi, na pesa hakuificha. Kila Ijumaa jioni alibakiza ya chai na ya vocha, kisha akamkabidhi mkewe zote zilizosalia ndani ya bahasha.

"Waziri wa fedha, pokea," alikuwa akisema, halafu anakwenda kuoga. Akitoka bafuni, habari ya pesa imekwisha mpaka Ijumaa nyingine. Mafundi wenzake walipolalamikia gharama za maisha, yeye alijinyoosha kwenye benchi na kuwaambia, "Mimi hata kodi ya nyumba yangu siijui ni kiasi gani. Nina mke." Wakamsifu, naye akazipokea sifa hizo bila kuzikagua.

Mkewe alikuwa akishona sare za shule pale pale sebuleni, mwanamke wa maneno machache, lakini akisema jambo amelisema. Mwaka ule mdogo wake alijifungua mapacha kwa upasuaji, na hakuwa na mtu wa kumsaidia. Asubuhi ya safari mke alipita kibandani, begi begani.

"Baba watoto, kuna mambo ingebidi tuongee kabla sijaondoka."

Cheche alikuwa ameinamia bawaba ya geti, miwani myeusi usoni. "Si tutaongea kwenye simu? Basi litakuacha."

Mke akaenda zake. Angekaa huko wiki sita.

Siku nne za kwanza Cheche alipiga simu mara kumi na moja. Maji tunalipa kwa nani? Gesi imeisha, mtungi unabadilishwa wapi? Yule mdogo anasema anadaiwa hela ya majaribio shuleni, ni kweli au ananichezea? Mke alijibu kila swali kwa utulivu, huku vichanga vikilia nyuma yake kwa zamu. Cheche alishangaa jinsi pesa ilivyokuwa ikiyeyuka. Alichodhani kingetosha mwezi mzima kilifika siku ya tisa kikakata roho.

Siku ya kumi na mbili alikuja mama mwenye nyumba. Alisalimia kwa adabu, akauliza hali ya mzazi na mapacha, akakataa kukaa.

"Sikuja kukusumbua, baba. Mkeo alinitaka nimvumilie mpaka tarehe kumi, nami nikamvumilia. Leo ni kumi na nne."

"Kuvumilia nini?"

"Kodi. Ile ya miezi miwili."

Cheche alicheka, akidhani mama wa watu amekosea mlango. "Mama, kwangu hakuna deni. Mimi pesa natoa kila wiki."

Mama mwenye nyumba hakubishana. Alimwonyesha ujumbe wa mkewe kwenye simu, maneno ya unyenyekevu ya mtu aliyezoea kuomba muda. Cheche aliusoma mara mbili.

Alipoondoka yule mama, Cheche alimwita binti yake mkubwa, aliyekuwa nyumbani akisubiri kuanza chuo. Alimuuliza kama alijua. Binti alijua. Alijua na mengine. Tangu mwaka uliopita kazi za mageti zilikuwa zimepungua, kila Ijumaa bahasha ikizidi kuwa nyembamba, na mama alikuwa akiziba pengo kwa sare anazoshona. Ada ya mtihani ilipofika na pengo likashindikana kuzibika, aliuza cherehani.

Cheche alitazama pembe ya sebule. Kweli, palikuwa na kikapu cha nguo chafu.

"Aliniambia ameipeleka," alisema taratibu.

"Alikwambia ameipeleka, ukasema haya. Hukumuuliza imepelekwa wapi."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Baba, mimi ndiye niliyesaidia kuibeba."

Kilichomuuma zaidi ni tarehe. Wiki ile ile ya cherehani alikuwa amekataa kazi ya uzio wa zahanati, mita mia mbili na arobaini, kwa sababu aliona bei yake ni ya dharau. Tena wiki hiyo hiyo alimchangia rafiki yake harusi kwa mkono mkunjufu, akapigiwa makofi ukumbini.

Alipompigia mkewe alianza kwa ukali. "Kwa nini umenificha? Watu wanakuja kunidai mlangoni kama mhuni!"

"Sikukuficha," mke alisema. "Nikianza kusema, unaniambia mimi ni waziri wa fedha. Waziri gani hajawahi kuitwa kikaoni hata siku moja? Mwezi wa nane nilikwambia mambo yamebana. Ulinijibuje?"

Cheche hakukumbuka.

"Ulisema, 'Wewe hujawahi kushindwa.' Ukaenda kuoga."

Kwa siku mbili alimalizia kazi zilizokuwa kibandani. Siku ya tatu alivaa shati lisilo na vitobo akaenda zahanati kuuliza habari za uzio. Kazi alikuwa amepewa kijana mmoja ambaye Cheche mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika mashine. Alizunguka nje ya geti kitambo, kisha akaingia kumwomba kibarua. Kijana aliona haya kumpangia kazi mwalimu wake, lakini alimpangia, na malipo yalikuwa kila Jumamosi. Kwa wiki tatu Cheche alichomelea nguzo chini ya aliyekuwa mwanafunzi wake. Kodi ya mwezi mmoja akailipa. Hapo ndipo alipojua ni kiasi gani, na aliposikia kiwango chake alikaa chini.

Malipo ya mwisho ya uzio yalimtia wazo lililomfurahisha. Badala ya kulipa mwezi uliobaki, alimtafuta aliyenunua cherehani, akainunua tena, akaifuta vumbi na kuiweka mahali pake. Mkewe atafurahi, aliwaza. Atalia kabisa.

Mke alirudi Jumapili mchana. Aliiona cherehani kabla hajatua begi, na hakulia.

"Imerudije?"

"Nimeikomboa," Cheche alisema, akitabasamu.

"Na kodi?"

"Mmoja nimelipa. Mmoja tutajua."

Mke alikaa kwenye kochi, akavua viatu. "Bega langu la kulia halinyanyuki tangu mwaka juzi," alisema. "Siku ile ilipotoka nilihuzunika, na nikapumzika pia. Nimekaa kwa mdogo wangu nimeona anavyouza vitambaa vya jumla, nikapiga hesabu zangu njia nzima, nikasema nikifika tutaongea. Wewe umeshanunua. Hukuniuliza."

"Nilitaka iwe siri nzuri."

"Mimi nilikuwa na siri mbaya, wewe una nzuri. Zote zimetugharimu."

Walibishana mpaka watoto wakatoka nje wenyewe bila kutumwa. Cheche alisema hakuna shukrani nyumba hii. Mke alisema shukrani hailipi kodi. Lakini kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo Cheche hakwenda kuoga. Alibaki pale pale kwenye kiti, akauliza swali alilopaswa kuuliza zamani: "Kwani tunahitaji kiasi gani kwa mwezi?" Jibu lilichukua saa nzima, na katikati ya jibu hilo mke naye aligundua kwamba alikuwa akilipia bima ya mazishi ya mama mkwe ambayo shemeji yake alikuwa akiilipia pia, jambo ambalo Cheche alilijua na hakuwahi kulitaja.

Cherehani iliuzwa tena, kwa hasara. Hasara hiyo waliitaja kwa miezi kadhaa, kila mmoja akimrushia mwenzake. Kodi iliyobaki ililipwa kwa awamu mbili. Mke alianza kuuza vitambaa kwa marobota mawili, vikaenda kwa kusuasua, baadaye vikashika njia. Siku ya kukaa kuhesabu pesa pamoja walichagua Jumamosi saa kumi, kibandani, mlango ukiwa umefungwa nusu, maana nyumbani watoto walikuwa na masikio. Siku nyingine walimaliza kwa dakika kumi, nyingine waliondoka wamenuniana, mmoja mbele, mwingine nyuma.

Mwaka uliofuata alikuja mteja na kazi kubwa ya mageti ya ghala, akataka bei hapo hapo. Cheche alipima, akaandika, akasema atamjibu kesho.

"Kwani bosi ni nani hapa?" mteja akauliza, na mafundi wakacheka.

"Kuna mwenzangu," Cheche alisema, akawasha mashine.