Bunduki ya Bata

Mwezi uliopita mwanangu wa mwisho, anayefanya kazi Dodoma, alikuja kunisalimia hapa Singida mjini. Baada ya chai akatoa simu akaanza kunionyesha picha za bunduki. Anataka kununua moja, ya kwanza katika maisha yake, ya kuwindia bata siku za mapumziko yeye na rafiki zake. "Mama, hii ina mitutu miwili, hii mmoja. Hii bei yake nafuu, ila sijui kama itadumu." Alisema huku akicheka, maana hakutegemea jibu. Mama anajua nini habari za bunduki? Nikanyanyuka kwenda kukoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. Babu yake, baba yangu, hakumkuta hai, na mimi sijawahi kumsimulia habari zake. Acha nikusimulie wewe kwanza, rafiki yangu, huenda mdomo ukazoea.

Nilikulia upande wa Sepuka, katika kijiji cha watu wa mama. Kwetu kulikuwa na uwele, karanga, mbuzi, na upepo uliovuma mchana kutwa mpaka macho yanawasha. Chini ya kijiji lilikuwepo lambo la kunyweshea mifugo. Kiangazi kikikaza na vidimbwi vya huko porini kukauka, bata maji walihamia kwetu kwa makundi. Alfajiri tulipokwenda kuteka maji tuliwasikia kabla ya kuwaona, wanapiga kelele kama akina mama walioachana sokoni wakakutana tena. Tukiwakaribia waliruka wote, na matone ya maji kutoka miguuni mwao yalitudondokea vichwani. Nyama ile yote ilikuwa inaruka juu yetu, na sisi tunarudi nyumbani kula mlenda.

Baba hakuwa mtu wa pale. Alikuwa kibarua wa reli huko Manyoni, na kazi ilipokwisha mama akamleta kwao, ndugu zake wakamkatia baba kipande cha shamba. Mwanaume anayeishi kwa wakwe zake unajua anavyotazamwa. Hakuna aliyemtukana. Walimwita shemeji tu. Kijiji kizima, hata wazee ambao hawakuwa na undugu wowote na mama, walimwita shemeji, na ukiitwa hivyo kila siku, mwaka hadi mwaka, unaelewa kwamba wewe ni mgeni ambaye hajaambiwa aondoke lini.

Jioni wanaume walikula pamoja. Nyuma ya boma la mwenyekiti wetu wa kitongoji kulikuwa na mwamba mpana, laini juu, unaobaki na joto la jua hata giza likiingia. Kila nyumba ilipeleka chakula chake pale, na wanaume walikaa kuzunguka mabakuli yote wakala kwa pamoja, mkono huu ukitoka kwenye bakuli hili kwenda lile. Wasichana ndio waliobeba. Cha kwetu nilibeba mimi. Nikishakiweka chini nilitakiwa kusubiri pembeni na kata ya maji ya kunawa, kwa hiyo niliyaona yote. Waliochinja walileta kuku, wenye ng'ombe walileta maziwa ya mgando, na baba akaleta mlenda. "Shemeji, leo tena tunateleza?" mmoja angesema, na wote wangecheka, na baba angecheka kuliko wote. Alitaka kitu kimoja tu duniani, wanaume wale wamwone mwenzao. Bata wakampa wazo la namna ya kukipata.

Bunduki yenyewe aliichagua kiangazi kizima, kama mtu anayechagua mke. Magobore yalikuwepo kijijini, yalitengenezwa na fundi mmoja mnyamavu aliyeishi ng'ambo ya korongo, lakini baba hakutaka kitu cha kufichwa darini. Alitaka bunduki ya halali, yenye leseni, ya kutembea nayo mchana. Alikuwa na rafiki yake tangu siku za Manyoni, bwana nyama aliyestaafu, yaani askari wa wanyamapori, akawa anakuja kwetu na baiskeli. Mama akimkaangia karanga, wao wanazungumza bunduki tu.

Kulikuwa na moja kuukuu ya mitutu miwili iliyokuwa inauzwa kule Ikungi, na baba aliipenda kwa sababu ilikuwa na nakshi za ndege ubavuni. Bwana nyama alikwenda naye kuiona. Akaifunga, akaitikisa karibu na sikio, akaisikia inacheza kwenye bawaba. Akaikunja, akachungulia ndani ya mtutu akielekea kwenye mwanga, akaona vidoti vya kutu. Akamwambia baba afumbe macho, aiinue begani, kisha afumbue. "Unaona nini?" Baba akasema anaona paa la nyumba. "Basi hiyo si yako. Bunduki yako ukiinua itazame unapotazama wewe, maana bata hasubiri ujipange." Akamshauri anunue mpya ya mtutu mmoja, ya kukunja, isiyo na mapambo. Haina vitu vingi vya kuharibika, ni nyepesi, na mtu anayewinda mara mojamoja hana haja ya mtutu wa pili. Neno la mwisho alilisema amesimama na baiskeli yake mlangoni, nami nimeshika ungo. "Ila hii haili makombo. Uilishe risasi za dukani tu."

Ushauri ule ulikuwa mzuri, na ni mzuri mpaka leo. Bunduki haikuwa na kosa lolote, naomba hilo ulishike. Kosa lilikuwa letu. Watu waliokulia na gobore wanajua bunduki inanunuliwa mara moja, halafu chakula chake unaokota: baruti ya kusaga mwenyewe, misumari, vipande vya waya, hata kokoto. Kwa hiyo kila mtu alishughulika na kuchagua bunduki, na hakuna aliyekaa kufikiri kuhusu risasi. Baba aliuza dume lake la kulimia akanunua bunduki, na akabaki na uwezo wa kununua visanduku vichache tu vya risasi za marisaa, zile ambazo ganda lake lina chembe ndogondogo zinazotawanyika.

Kabla ya leseni, kijiji kilitakiwa kumkubali. Mkutano uliitishwa, mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno dhidi ya shemeji kumiliki silaha. Wanaume wakanyoosha mikono kumuunga mkono, wote. Baba alirudi nyumbani akiwa hawezi kukaa. Alimwambia mama, "Wamenyoosha mikono yote, mama nanihii. Hata yule mzee asiyenipenda." Mama alitabasamu, lakini bibi yangu aliyekuwa anapepeta uwele hakutabasamu. Alisema kwa Kinyaturu, polepole, kwamba mkono ulionyooshwa kwa ajili yako lazima utarudi kuomba. Sisi tulidhani ni uzee.

Kiangazi kile cha kwanza, jamani, tuliishi. Baba alikwenda lamboni alfajiri, mara chache tu kwa wiki, akavizia kwenye majani mpaka bata wakae kwa mstari. Mlio mmoja, halafu kimya, halafu namwona anakuja na bata wananing'inia kiunoni. Kazi ya kunyonyoa ilikuwa yangu. Maji ya moto, harufu ya manyoya mabichi, yale manyoya madogo ya kifuani yanayokung'ang'ania vidoleni na puani mpaka unapiga chafya. Mama aliwachemsha muda mrefu, kisha akaunga na karanga za kutwanga, mafuta yakaelea juu ya mchuzi, ya njano. Jioni nilibeba bakuli lile kwa mikono miwili, na nilitembea katikati ya njia.

Pale mwambani bakuli letu ndilo lililowekwa katikati. Walikula huku wanamsifia, wakamuuliza habari za bata, za Manyoni, za treni, mambo ambayo hawakuwahi kumuuliza. Jioni moja mwenyekiti akiwa ameshika paja la bata alisema, "Huyu sasa ni ndugu yetu." Nilikuwa nimesimama na kata yangu. Baba aliinamisha uso akajifanya anatafuta kitu kwenye ugali.

Ndugu akaanza kazi ya undugu. Mvua ziliponyesha fisi akaingia zizi la jirani, jirani akagonga: ndugu, njoo na bunduki. Nyani wakavamia mahindi: ndugu, njoo. Mwingine ana mgeni kutoka Iguguno, anataka ndugu ampigie kanga wa kitoweo. Baba alikwenda. Hakuna hata mmoja aliyekuja na risasi mkononi, wala aliyeuliza zinatoka wapi. Mama alimwambia awaambie ukweli kwamba zinakwisha. Alijibu, "Watu walioninyooshea mikono nitawaambiaje hapana?" Risasi zilizonunuliwa kwa ajili ya bata zikaishia kwa fisi na nyani, na uwele ulipoanza kukomaa kisanduku cha mwisho kilikuwa kitupu. Mimi nilicheza nacho, nikiweka mbegu za maboga.

Ndipo kwelea kwelea wakaja. Kama hujawaona, ni ndege wadogo kuliko kiganja, lakini wakishuka shambani wingu linashuka. Walishukia shamba la mwenyekiti. Akaja mwenyewe nyumbani, amevaa kofia yake ya mikutano.

"Ndugu, leo ni mimi."

"Mwenyekiti, risasi zimeisha. Nina maganda matupu."

Mwenyekiti alimtazama. "Yaani bunduki ya dukani inashindwa na gobore la marehemu baba yangu? Lile lilikula hata misumari."

Wanaume waliokuja naye wakacheka. Baba hakucheka safari hii. Fundi wa magobore, aliyekuwa kati yao, akasema kwamba maganda matupu yanajazika, yeye atayajaza kwa baruti yake. Baba alikumbuka maneno ya bwana nyama, najua alikumbuka, kwa sababu alinitazama mimi niliyekuwepo siku ile mlangoni, kisha akatazama pembeni. Angeweza kusema hapana. Lakini angesema hapana akarudi kuwa shemeji. Akayatoa maganda.

Sikuwepo shambani. Nilikuwa natwanga. Nilisikia mlio ambao haukuwa mlio wa bunduki yetu, mzito na mfupi, na mama akaangusha mchi kabla sijaelewa. Walimleta amefungwa kanga mkononi. Ile baruti ilikuwa kali kuliko chuma kilivyoweza kustahimili, bunduki ikafumuka pale nyuma, kwenye mkono wa kulia. Uso ulipona, namshukuru Mungu. Hospitali ya mjini walimbakizia kidole gumba na kidole cha mwisho ambacho hakikunjiki.

Alirudi baada ya majuma mengi, amekonda, anacheka. Jioni ileile alitaka kwenda mwambani. Mama alipika kuku, nikabeba bakuli, baba akatangulia. Walimkaribisha vizuri, wakampa pole, wakamsogezea nafasi. Nikawanawisha. Baba akapeleka mkono kwenye ugali, na mkono aliokuwa nao ni wa kushoto.

Hakuna aliyesema neno. Nataka uelewe hapo, rafiki yangu, kwa sababu watu wakisimulia ukatili husimulia makelele. Mikono ilisimama tu. Mmoja akasema ameshiba. Mwingine akasogeza bakuli la maziwa upande wake, taratibu. Baba akaendelea kutafuna tonge lile moja kwa muda mrefu sana. Kisha mwenyekiti, kwa sauti ya upole ambayo nikiisikia hata kwa mtu mwingine nachukia, akasema, "Shemeji, wewe bado mgonjwa. Usiwe unajisumbua kuja huku. Watoto watakuletea chakula nyumbani."

Hakwenda tena, wala hawakumwita. Bunduki ilikuwa chuma chakavu, lakini waliitisha mkutano hata hivyo, wakanyoosha mikono kwamba shemeji asipewe silaha nyingine, kwa usalama wa kijiji. Fundi alinyoosha. Mwenyekiti aliyevuna uwele wake alinyoosha wa kwanza. Baba alikula chumbani, kwa kijiko alichonunuliwa na mama, mlango umerudishwa, na sisi watoto tulijifunza kupiga kelele uani wakati ule ili asijue kwamba tunamsikia akikigonga bakulini. Aliishi hivyo mpaka nimeolewa.

Alipofariki, wanaume walikusanyika tena pale mwambani kula chakula cha msiba, na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikapita na maji kuwanawisha mmoja mmoja. Walimsifu sana. Walisema hakuna aliyewahi kuwalisha bata kama marehemu, ndugu yao. Nilimwaga maji juu ya mikono yao ya kulia, mizima yote, na nikasema karibuni.

Lambo siku hizi limejaa mchanga, linashika maji miezi miwili mitatu tu, na bata hawakai. Nilipita kule wakati wa mavuno ya alizeti. Mwamba umezungukwa na miiba, hakuna anayeketi juu yake. Binamu zangu walinilalamikia kwamba umoja umekufa, kwamba zamani watu walikula pamoja na sasa kila mtu anakula ndani na wanawe, mbele ya televisheni. Walitaka nisikitike nao. Jioni nilitembea njia ile niliyokuwa nabebea bakuli, nyumba hadi nyumba, milango yote imerudishwa, na kwa ndani nasikia vijiko. Nilisimama nikavisikiliza mpaka giza likaingia, na sikusikitika hata kidogo.