Yai Lisilo na Tarehe

Yai lisilo na tarehe haliuzwi. Hiyo ndiyo sheria ya jirani yangu muuza mayai, mwenye kuku kumi na saba nyuma ya nyumba yake hapa Wisconsin. Kila asubuhi huingia bandani akiwasuta kuku kwa sauti ya kuamsha mtaa, penseli sikioni, na kila yai analookota huliandika siku yake, akilishika kwa vidole vyake vinene kama anayeshika jino la mtoto. Agosti iliyopita kuku walihamia chini ya baraza la mbao la nyumba, wakataga huko kwa siri juma zima. Ijumaa akaja mteja wake Darlene kuchukua dazeni ya mayai ya keki ya harusi ya bintiye, akamkuta amelala kifudifudi, anayavuta mayai kwa reki.

"Nipe hayo hayo, mwenzangu. Keki haiulizi tarehe."

"Keki haiulizi, ila wageni wako watauliza choo kiko wapi!"

Darlene alicheka hadi akakaa chini. Jirani yangu akajipangusa magoti, akaingia ndani, akatoka na mayai kumi na mawili ya kahawia aliyoyaokota kabla kuku hawajahama, yanayofanana kama mapacha, kila moja na tarehe yake.

"Wee! Si ndiyo ya maonyesho ya kilimo kesho?"

"Wewe uliagiza tangu Jumatatu. Waamuzi hawajaagiza kitu."

Kesho yake hakuwa na yai la kuwawekea waamuzi mezani, na utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza, alioutwaa miaka sita mfululizo, ukachukuliwa na wifi yake.